Dubu wa manyoya bandia: kipara kwenye mishono na uso unaopinda

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni fundi cherehani, niko Nansio, Ukerewe. Mwaka huu nimeongeza kazi ya kushona dubu wa kuchezea, urefu sentimita 30 hivi. Manyoya nayapata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja nikivuka kuja Mwanza: makoti, mazulia madogo, mara chache kitambaa kipya cha jora. Nguo sinazo shida, ila hawa dubu wananishinda. Kila mshono una mstari wa kipara. Uso unaelekea upande mmoja. Nikijaza, tumbo linavimba kuliko pateni. Juzi nimepiga pasi kipande kilichokuwa na mikunjo, manyoya yakasinyaa na kukakamaa kama ufagio. Na macho yanachomoka. Natumia cherehani ya kukanyaga. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Unakishona kitambaa hiki kama unavyoshona gauni, na shida zako zote tano zinaanzia hapo. Manyoya bandia ni vitu viwili vilivyoshikana. Kuna mgongo, ambao mara nyingi umefumwa kama fulana na kwa hiyo unavutika. Na kuna nywele za plastiki, kwa kawaida akriliki au poliesta, zilizonaswa kwenye huo mgongo. Mkasi unakata mgongo peke yake. Sindano inashona mgongo peke yake. Nywele hupishwa pembeni kila hatua, na karibu makosa yote huwa yameshafanyika mezani kabla hujakanyaga cherehani.

Tuanze na kipara, kwa sababu kina asili mbili na kila moja ina tiba yake. Chukua dubu mmoja aliyekwisha, msogeze dirishani, ingiza ncha ya sindano nene kwenye mshono na uzivute nywele kutoka ndani kuja nje, kidogo kidogo. Zikitoka ndefu, zilikuwa zimenaswa kwenye mshono. Endelea hivyo mshono mzima, kisha pitisha brashi ya waya laini, na mstari utapotea. Zikitoka fupi kama ndevu za siku tatu, zilikatwa mezani, na dubu huyo hana dawa. Muuze kwa bei ya kutupa au mfumue.

Kuzuia kukata nywele, tandaza kitambaa mgongo ukiwa juu, safu moja tu. Usikunje ili ukate vipande viwili kwa mpigo kama ufanyavyo kwenye nguo. Safu ya chini itahama na nywele zake zote zitakatwa. Chora pateni kwa penseli au chaki. Mgongo ukiwa mweusi, kipande cha sabuni kikavu kinatosha. Kalamu za wino ziache, hasa kwenye manyoya meupe, kwa sababu wino huo huja kutokeza mbele dubu akifuliwa. Kisha kata kwa wembe au kisu cha karatasi, ukiwa umeinua kitambaa kidogo kutoka mezani ili ncha ipasue mgongo na kuishia hapo. Ukipenda mkasi, tumia mdogo wenye ncha kali: teleza ncha ya chini ukiigandamiza kwenye mgongo, chini kabisa ya mashina ya nywele, ukate kwa hatua za sentimita moja moja bila kufunga mkasi kwa nguvu. Ukimaliza mzunguko, kipande hakitoki chenyewe, maana nywele bado zimeshikana na jirani zake. Kivute taratibu, zitaachana zikiwa nzima, na ukingo wa kipande utakuwa na nywele zinazoning'inia nje ya mstari. Huo ndio unaoutaka. Ukiona ukingo umenyooka kama uliopita kwa kinyozi, umeshakosea.

Vipande vikishatoka, vikung'ute nje, na siyo siku upepo wa ziwa unapovuma kuelekea mlangoni mwako. Vaa barakoa. Vumbi hilo la nywele huingia pia kwenye nyumba ya bobini, likichanganyika na mafuta linakuwa kama tope na cherehani inaanza kuruka mishono. Safisha kwa brashi kila baada ya dubu mmoja.

Sasa kushona. Acha milimita 6 za mshono. Manyoya yakiwa mafupi, chini ya sentimita moja na nusu, yasukume tu kwa ncha ya sindano yaingie ndani, katikati ya vipande viwili, huku unabana pini. Yakiwa marefu zaidi, punguza nywele zilizo ndani ya hizo milimita 6 tu, ukiacha milimita moja kabla ya mstari wa kushonea. Ukiuvuka mstari unatengeneza kipara kwa mkono wako. Pini zikae kila sentimita moja, zikiwa zimekatiza mshono, na zihesabu: zikiingia 20 zitoke 20, kwa sababu pini iliyozama kwenye manyoya huioni, anakuja kuiona mtoto. Baada ya pini piga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono. Najua kwa fundi wa nguo bandi ni kazi ya kupoteza muda, lakini nywele zinateleza kama utelezi wa sato, na pini peke yake hazishiki.

Kwenye cherehani ya kukanyaga weka sindano namba 16, uzi wa poliesta, na mishono mirefu kiasi, kama 8 kwa inchi. Ile skrubu iliyo juu ya fimbo ya mguu, inayogandamiza mguu kwenye kitambaa, ilegeze mizunguko miwili au mitatu. Ikiwa imekazwa kama ya kushonea shati, meno yanavuta safu ya chini huku mguu ukiizuia ya juu, ndiyo maana upande mmoja unaishia mrefu. Jaribu kwanza kwenye mabaki. Na kila unapoweza, shona kufuata manyoya yanakolala.

Hilo la kulala linastahili neno lake. Pitisha kiganja juu ya manyoya. Upande unaoteleza kama unapompapasa paka ndio yanakolala. Chora mshale wa upande huo kwenye mgongo wa kitambaa chote kabla hujaweka pateni. Mwilini, mikononi na miguuni manyoya yaelekee chini. Kichwani yatoke puani kwenda kisogoni, masikioni yaelekee juu. Kipande kimoja kikigeuzwa, mwanga unakipiga tofauti na dubu ataonekana ameungwa kwa vitambaa vya rangi mbili, hata kama vyote vimetoka kwenye koti moja.

Uso unaopinda una sababu mbili pia, na mafundi wengi huijua moja tu. Ya kwanza ni namna ya kushona kile kipande cha katikati ya kichwa kinachotoka puani hadi kisogoni. Ukianzia shingoni upande mmoja, ukazunguka pua na kushuka upande wa pili bila kukata uzi, kitambaa kinasukumwa njia nzima, na kosa lote linakusanyika puani. Milimita 3 hapo zinatosha kumfanya dubu aonekane mdomo umepooza. Unganisha kwanza mashavu mawili, kutoka ncha ya pua kushuka kidevuni hadi shingoni. Kisha tafuta katikati ya ncha ya kipande cha kati, iwekee alama ya uzi wa rangi (usipige mkasi alama, mgongo wa kufumwa unafumuka), ibane sawasawa juu ya mshono wa pua, na utoke hapo kwenda shingoni upande wa kulia. Rudi puani, shuka kushoto. Bandi ifuate njia hiyo, na mshono wa mwisho uifuate hiyo hiyo. Kwa dubu wa sentimita 30 ningeshona kichwa kizima kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, milimita 2 kila hatua, uzi mara mbili. Inakula saa moja na nusu, lakini mteja hutazama uso kwanza.

Sababu ya pili ni mvutiko. Mgongo wa kufumwa huvutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Shavu la kulia likikatwa kwa urefu wa kitambaa na la kushoto kwa upana, ili kubana mabaki, yatalingana mezani na kushonwa vizuri kabisa, kisha ukianza kujaza moja litavimba na lingine litagoma. Kabla ya kushona, laza mashavu mawili manyoya kwa manyoya: yawe ya kulia na kushoto (mafundi wengi hukata mawili ya kushoto), mishale ielekee upande mmoja, kisha yavute kwa vidole uone yanavutika sawa.

Hapo ndipo pia penye jibu la tumbo. Dubu wa kwanza wa kuchezea, wa Steiff kule Ujerumani na wale waliopewa jina la rais Theodore Roosevelt kule Marekani, wote wa mwaka 1902 na 1903, walitokana na enzi ya moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora yaliyonaswa kwenye mgongo wa nyuzi za kukatizana, usiovutika. Pateni nyingi unazozipata kwenye intaneti bado zimechorwa kwa kitambaa cha aina hiyo. Ukizikata kwenye manyoya yenye mgongo wa kufumwa kama fulana, dubu ananenepa. Pima: weka alama mbili zenye sentimita 10 kati yake, vuta bila kulazimisha. Zikifika 11 au zaidi, tia bitana. Shuka kuukuu la pamba jepesi linafaa. Kanga kuukuu pia, mradi haichuji rangi. Kata umbo lile lile, lipigie bandi nyuma ya kila kipande ndani ya nafasi ya mshono, ushone vyote kama kitambaa kimoja. Kile kitambaa chenye gundi mnachoweka ndani ya kola usikitumie, kwa sababu kinataka pasi.

Na pasi imekwisha kukuonyesha yenyewe. Akriliki na poliesta hulainika kwa joto, nywele hujikunja na kuganda hivyo hivyo. Hazirudi. Kipande hicho kitumie mahali pasipoonekana au kitupe. Kwa koti la mitumba usilojua limetengenezwa na nini, chomoa nywele chache, zishike kwa koleo juu ya bakuli la maji na uziwashe: za plastiki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu, sufu hunuka nywele za kuungua na kuacha jivu linalosagika. Mikunjo iondoe kwa kunyunyizia maji, kuchana, na kulaza kitambaa kivulini usiku mzima. Siku zijazo hifadhi kwa kuviringisha, usikunje. Mitumba yote ifuliwe kwanza kwa maji baridi na ikauke hadi mgongoni, hasa msimu wa masika, maana unyevu ukibaki ndani ya dubu ni ukungu. Na usianike karibu na dagaa. Harufu ile ikishaingia kwenye plastiki, haitoki.

Mazulia madogo ya bafuni yaache kabisa. Mengi yana tabaka la mpira mgongoni: sindano inakwama, na mpira ukizeeka unabomoka kama makombo ndani ya mdoli.

Umeandika kuhusu kujaza bila kusema unajazia nini. Kwa dubu wa ukubwa huo andaa gramu 250 hivi za nyuzi za poliesta. Pamba tunayo tele Usukumani na bei yake inavutia, lakini ikilowa inashikana mabonge; sufi ni nyepesi na nzuri kwa dubu wa kupamba rafu, ila haipendi kufuliwa. Mabaki ya sponji ya magodoro yanaleta uvimbe uvimbe. Anza puani, kwa vipande vidogo vya ukubwa wa kunde, ukisukuma kwa kijiti chenye ncha butu mpaka dole gumba lisiache shimo. Kwingine weka mafungu makubwa.

Macho yanachomoka kwa sababu tundu lilikatwa. Ukikata mgongo wa kufumwa, tundu linaendelea kupanuka kama soksi iliyotoboka. Tumia msharasi wa fundi viatu, usukume nyuzi pembeni bila kuzikata, tundu liwe dogo kuliko mguu wa jicho (kile kijiti cha nyuma yake) ili jicho liingie kwa kubanwa. Kwa ndani weka duara la kitambaa kigumu, jinzi ni nzuri, ndipo uweke washa, kile kiduara cha kufungia mguu wa jicho. Macho ya kushonea yafunge kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kushonea nyavu. Fundo lake linateleza, kwa hiyo lipige mara tatu, na ncha usiichome kwa kiberiti ukiwa karibu na manyoya.

Kisha pima. Kiwango cha usalama cha Ulaya cha vifaa vya kuchezea, EN 71-1, kinataka sehemu ndogo ivumilie kuvutwa kwa nguvu ya niutoni 90, karibu sawa na kilo 9, kwa sekunde 10, ikiwa ina zaidi ya milimita 6. Azima mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, funga uzi nyuma ya jicho, upande wa pili kwenye ndoano, mshike dubu kichwa na uvute polepole mpaka mshale ufike 9. Hesabu hadi kumi. Jicho likilegea, fungua kichwa na urudie tundu upya mahali pazima. Dubu wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu asiwekewe jicho la plastiki hata kama limefaulu mizani: mdarizie macho kwa uzi mweusi, mishono iliyobanana, kabla hujamjaza.