Mlonge wa Newala na wa Kilwa: upi una antioksidanti nyingi?

Mkuu, huyo muuzaji anayedai unga wa mlonge wa Newala una nguvu mara mbili ya ule wa Kilwa, muulize majani yalichumwa mwezi gani, yakiwa na umri gani, na yalianikwa wapi. Eneo lina mchango wake: udongo, jua na ukame hubadilisha kiasi cha fenoli (kemikali za mmea) na vitamini C kwenye jani, na hizo ndizo antioksidanti, yaani vizuia uharibifu wa oksijeni. Ila mwanikaji mzembe anaifuta tofauti hiyo yote kwa kutandaza turubai juani.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia mbegu ya asili moja na majani ya umri mmoja, yachumwe wiki ileile. Ncha changa usizichanganye na majani yaliyokomaa. Osha kwa maji safi, kisha maji ya chumvi (gramu 10 kwa lita) kwa dakika 3 hadi 5, suuza, acha yachuje. Anika kivulini penye upepo, juu ya kichanja cha wavu, kilo 1 kwa mita ya mraba. Ukirundika, ya chini yanavunda. Kwenye kikaushio usipite nyuzi 50. Jani limekauka likisagika vidoleni bila kupinda.

Kwetu kusini mwa Tanzania tatizo ni msimu. Mvua zikishika, hewa ya pwani imejaa unyevu na jani hukawia kukauka. Likigeuka kahawia, ujue vimeng'enya vyake vimekuwa vikizila fenoli muda wote huo. Upepo wa kusi, kuanzia Juni, unasaidia sana, lakini ndipo mikorosho inapopulizwa salfa kuzuia ubwiri unga. Vumbi lile linasafiri, na kwa kuwa salfa haiyeyuki kwenye maji, kusuuza tu hakutoshi. Mlonge wa mpakani mwa shamba la korosho uache, chuma wa mbali.

Maabara waombe kipimo cha DPPH, kemikali ya rangi inayopima nguvu ya antioksidanti. Kimiminika chake cha zambarau kikichanganywa na dondoo la unga kinafifia kuelekea njano, kinakaa gizani dakika 30, kisha rangi yake inasomwa kwa mwanga wa nanomita 517. Hapa wengi wanasoma kinyume: IC50 (kiasi kinachohitajika kufifisha nusu ya rangi) ikiwa ndogo ndiyo yenye nguvu, kwa sababu unga kidogo umetosha. Sampuli zote zilowekwe na kuchujwa kwa kiyeyushi kimoja (ya methanoli usiilinganishe na ya maji), zipimwe mara tatu, vitamini C ikiwa ya kulinganishia. Matokeo yatolewe kwa uzito mkavu. Jani bichi zaidi ya robo tatu yake ni maji, kwa hiyo bichi dhidi ya kavu si ulinganisho.

Unga weka kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga. Ile mifuko myeupe ya sokoni haifai kabisa. Na kufifisha rangi kwenye chupa hakuthibitishi tiba mwilini. Anayemeza dawa za sukari au presha aongee na daktari kwanza, maana mlonge unaweza kuzidisha kushuka kwa sukari au presha. Mizizi msile.