Msimamo wa mgombea kuhusu vijana: mimi naanza na ukurasa wa ushuru

Mdogo wangu, umeuliza hivi: una miaka 19, kitambulisho umeshakipata, kura yako ya kwanza ni uchaguzi mkuu wa Kenya, Agosti 2027, na kila mgombea anayepita mtaani kwenu anasema yeye ni wa vijana. Utamjuaje mwenye msimamo wa kweli? Wengi waliokujibu wamekutajia majina ya wagombea wao. Mimi sitakutajia jina. Nitakueleza nilivyowasikiliza wagombea mwaka 2022, nini nilikisikia na nini kilinipita, kwa sababu kile kilichonipita ndicho kilichokuja kuingia mfukoni mwangu.

Mimi ni wa Changamwe, hapa Mombasa. Hadi 2019 nilikuwa karani kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yenyewe ilikuwa kukimbiza makaratasi, forodha huku, yadi ya makontena kule, jioni unarudi nyumbani miguu imewaka moto. Agosti mwaka huo ikaja amri kwamba mizigo inayoingia nchini ipandishwe SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ikatolewe Nairobi. Mtu wa bara aliisikia kama habari ya usafiri tu. Sisi tuliisikia kama habari ya chakula. Nyuma ya kila kontena kulikuwa na dereva wa lori, utingo, mama anayepika wali karibu na geti la yadi, fundi wa tairi njia ya Miritini, mwenye gesti Mariakani. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Kampuni yetu ikapunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Nikachukua akiba yangu nikanunua pikipiki, nikaendesha boda boda karibu miaka miwili, kisha nikafungua kibanda cha spea za pikipiki: cheni, breki, plagi, tairi, oili. Ndicho kibanda kinachonilisha mpaka leo.

Kwa hiyo kampeni za 2022 zilipofika, masikio yangu yalikuwa kwenye neno moja tu, bandari. William Ruto aliahidi kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa. Na nitasema haki yake: siku ile ile ya kuapishwa, Septemba 13, 2022, alisimama Kasarani akatangaza kwamba anatoa maagizo zirudi. Wenzangu kadhaa niliofanya nao kazi walirudishwa. Mimi sikurudi, nilikuwa tayari na kibanda, lakini nilifurahi kama niliyerudi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza, ingawa lilichukua muda kuniingia. Ahadi ile ilitimia upesi kwa sababu ilihitaji amri tu. Haikuhitaji bajeti wala kura ya bunge. Kazi ya kutoa mizigo iliondolewa kwa amri, ikarudishwa kwa amri. Vivyo hivyo Februari 2025, rais alipotia saini tamko la kuondoa ule msasa wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitishwa ili wapate kitambulisho. Ni jambo kubwa sana kwa kijana, kwani bila kitambulisho hujiandikishi kupiga kura, na likawezekana kwa kalamu moja. Ahadi za namna hiyo ukizisikia, swali lake ni fupi: je, kalamu hiyo ilikuwa karibu naye zamani, na aliitumia? Amri ya mizigo ilipotolewa 2019, Ruto alikuwa naibu wa rais. Simlaumu kwa kugeuza msimamo, mtu anaruhusiwa kugeuka akaelekea kwenye haki. Ila mwaka 2022 sikuliuliza swali hilo hata mara moja. Nilitaka sana kuamini.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo kijana anapochanganywa.

Upande wa Kenya Kwanza, wa Ruto, ulisema utatenga shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa mikopo ya biashara ndogo. Upande wa Azimio, wa Raila Odinga, ukasema familia milioni mbili maskini zitapewa shilingi 6,000 kila mwezi, na elimu iwe bure mpaka chuo kikuu. Kwenye stendi yetu ya boda boda tulibishana wiki nzima, mkopo au elfu sita. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeshinda mabishano yote kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Katika wiki ile nzima hakuna aliyeuliza zitatoka kwa nani. Manifesto zote mbili tulikuwa nazo kwenye simu. Tulifungua kurasa za vijana, za kazi, za masomo. Ukurasa wa ushuru sikuufungua wa upande wowote.

Baada ya Ruto kushinda, mfuko wa mikopo ulioahidiwa, Hustler Fund, ulizinduliwa Novemba 30, 2022. Nilipiga *254# kwenye simu siku hiyo hiyo, nikapewa mkopo wa 500. Asilimia 5 inawekwa kuwa akiba yako, kwa hiyo mkononi nilipata 475. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, unalipa ndani ya siku 14. Kwa shilingi 500, riba ya siku hizo ni shilingi moja na nusu hivi. Ukilinganisha na mikopo mingine ya simu inayokata asilimia saba au zaidi kwa mwezi, ahadi ya riba ilikuwa ya kweli, na anayekataa hilo hajapiga hesabu. Lakini 475 inanunua plagi na chupa ya oili. Kiwango changu kilipanda kidogo kidogo nilivyolipa. Na zile bilioni 50 kwa mwaka, bajeti haikuzifikia hata mwaka mmoja.

Halafu ukaja Julai 2023 na sheria mpya ya fedha. Nitakupigia hesabu ya kibanda changu ili uone ninachokusudia. Nauza kama shilingi 3,000 kwa siku, yaani 90,000 kwa mwezi. Ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo, ambao ulikuwa asilimia 1, ukapanda ukawa 3. Unatozwa kwenye mauzo, faida haiulizwi. Nilikuwa natoa 900 kwa mwezi, nikaanza kutoa 2,700. Tofauti ni 1,800 kila mwezi, 21,600 kwa mwaka. Weka hiyo 21,600 kando ya mkopo wa 500, kisha uniambie ni ipi iliyokuwa sera ya vijana.

Na hiyo ni ya kwangu peke yangu. VAT ya mafuta, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na Septemba mwaka huo petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita. Wateja wangu karibu wote ni vijana wa boda boda. Bei hiyo ya mafuta niliiona kwenye breki zao: mtu aliyekuwa akibadilisha mapema alianza kuja chuma kinakwaruza chuma, ananiambia "wiki ijayo, kaka". Nilikuwa nawapa breki kwa deni kwa sababu nilijua watabeba watoto wa shule asubuhi. Vijana wanaotengeneza video mtandaoni wakawekewa makato ya asilimia 5. Wenzangu waliorudi bandarini wakaanza kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Hizo nyumba ndizo zilizohubiriwa kwenye kampeni kama kazi kwa vijana, mafundi na vibarua, nyumba 250,000 kila mwaka. Ahadi na makato vilikuwa kitu kimoja, ila jukwaani tulionyeshwa upande mmoja wake.

Chuo nako nikupitishe haraka. Mwaka 2023 mfumo wa kugharamia vyuo vikuu ukabadilishwa: mwanafunzi anapangwa daraja kulingana na hali ya nyumbani kwao, kisha anagawiwa ufadhili, mkopo, na sehemu ambayo familia italipa. Mdogo wetu aliingia chuo mwaka huo huo. Sehemu ya familia ilitoka kwenye cheni na tairi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo unakiuka katiba, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Yeye aliendelea kusoma kwa daraja lile lile.

Unaukumbuka mwaka 2024, ulikuwa na miaka kumi na saba hivi. Kila mtu anasimulia maandamano ya barabarani, nami nilikuwepo kwenye barabara za Mombasa. Lakini kilichonishangaza zaidi kilitokea kabla ya barabara. Vijana waliusoma mswada wa fedha. Waliusoma! Kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, wakaueleza kwenye video za dakika mbili: mkate utozwe VAT ya asilimia 16, gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na nepi za watoto ziwekewe ushuru wa mazingira. Kibandani kwangu watu walisikiliza maelezo ya ushuru kama wanavyosikiliza mpira. Juni 25 bunge likapiga kura, 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Siku hiyo hiyo vijana wakapigwa risasi. Tume ya haki za binadamu ilihesabu watu 60 na zaidi waliokufa katika maandamano yale. Juni 26 rais akasema hatautia saini.

Mimi siwezi kuandika idadi hiyo nikaendelea kama sikuandika kitu. Wengine walikuwa wa umri wako wa sasa. Usomaji ule tuliufanya miaka miwili baada ya kura, na ukagharimu roho za watu. Ungefanyika kabla ya kura, ungegharimu bando la intaneti. Ndiyo sababu nakusisitizia ukurasa wa ushuru hadi nakuchosha.

Basi ukimsikia mgombea urais au ubunge anayetaja vijana, mpime hapo kwanza. Kama amewahi kuwa bungeni, msimamo wake umeshaandikwa. Kura ya 195 kwa 106 ilichapishwa kwa majina, tafuta la mbunge wako uone alisema ndiyo au la, au kama hakuwepo kabisa. Nawajua wabunge ambao kwenye mazishi wanalia na vijana ilhali kura yao ilikuwa ndiyo. Kama hajawahi kuwa bungeni, muulize ni ushuru gani atakaoupunguza, upi atauongeza, na matumizi gani atayakata. Anayesema atapunguza ushuru wote na kuongeza mikopo yote hana msimamo, ana hamu ya kura.

Mgombea wa wadi usimuulize hayo, utamwonea. Lakini naye asikudanganye. Mwaka 2022 kwenye uwanja wa mpira mtaani kwetu mgombea mmoja wa MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, aliahidi vijana kazi bandarini. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Bandari ni ya serikali ya kitaifa, MCA hana ufunguo wa geti lake. Hapa Mombasa kila anayegombea chochote anaahidi bandari, na sisi kila mara tunaitikia kwa sababu hilo ndilo donda letu. Soma Jedwali la Nne la katiba, si refu: linakwambia kipi ni cha kaunti na kipi ni cha taifa. Vya kaunti ni leseni za biashara, masoko, barabara za mtaani, zahanati, vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za chekechea. Kila mwaka bunge la kaunti nalo linapitisha sheria yake ya fedha, na hapo ndipo ada ya kibanda na leseni ya kijana zinapopangwa. MCA anapiga kura kwenye hilo. Huyo muulize leseni, muulize ada ya soko, muulize chuo cha ufundi kina walimu wangapi na mashine ngapi zinazofanya kazi. Ukiona anarudi kwenye bandari, umeshapata jibu.

Jambo jingine ambalo waliokujibu hawakuligusa. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 tulikuwa asilimia 39.84 ya waliojiandikisha, na idadi yetu ilikuwa imepungua kuliko 2017, ingawa vijana nchini walikuwa wameongezeka. Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo watu walijitokeza kidogo kabisa. Hata kura ya gavana tuliipiga Agosti 29, wiki tatu baada ya wenzetu, kwa sababu karatasi zilichanganywa, na wengi wakachoka kurudi foleni. Mgombea anazijua namba hizi kuliko wewe. Akiona hatupigi kura, ukurasa wa vijana unabaki kuwa picha na nyimbo. Kwa hiyo kama kitambulisho unacho na hujajiandikisha bado, usingoje foleni za mwisho.

Umesema pia kuna mgombea ubunge kwenu anayeahidi mikopo bila riba kwa kila kijana, na umeanza kumpenda. Mpende, hakuna ubaya. Akija tena uwanjani muulize mambo mawili mbele ya watu: mfuko huo ni wa sheria gani, na mwaka wa kwanza una shilingi ngapi. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, ninaoujua mimi unajenga madarasa na kutoa basari, haukopeshi. Huenda ana njia nyingine nisiyoifikiria, na kama anayo ataieleza kwa dakika moja. Atakachokujibu kiandike hapa kama kilivyo. Nitakipigia hesabu nikifunga kibanda jioni.