Mgonjwa wa moyo anapomeza dawa za jana: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii zinatoka kwa wanaowatunza wazee wenye moyo dhaifu, yaani moyo usiosukuma damu ya kutosha. Karibu zote zinauliza kuhusu dawa zisizomezwa.

Mama ana miaka 68. Kila asubuhi anasema ameshameza dawa, lakini nikihesabu, vidonge vimebaki vingi. Ni ukaidi? (Kondele, Kisumu)

Yaelekea si ukaidi wala uongo. Moyo ukichoka, ubongo hupata damu pungufu, na vinavyoyumba mapema ni umakini, kupanga mambo na kushika jambo jipya. Presha ya miaka mingi huwa tayari imechakaza mishipa midogo ya ubongo. Moyo unaopiga bila mpangilio nao unaweza kurusha mabonge ya damu kichwani. Ongeza upungufu wa damu, usingizi wa kukatikakatika na sonona, utaelewa kwa nini mama anakumbuka harusi ya mwaka 1979 lakini hajui kama kidonge cha asubuhi kimepita. Anaposema "nimemeza", huenda kweli anakumbuka kumeza. Ni kule kwa jana.

Kuhesabu kwako ni bora kuliko kuuliza. Tuseme alipewa vidonge 60 vya karvediloli, dawa ya moyo, viwili kwa siku. Baada ya siku 21 awe amemeza 42, vibaki 18. Ukikuta 30, amekosa 12, maana yake amemeza asilimia 71 hivi. Watafiti wengi huhesabu chini ya 80 kuwa pungufu.

Ila hesabu kila dawa peke yake. Ikiwa ya kukojoza tu ndiyo inayobaki, hapo hajasahau: anaogopa kubanwa na mkojo ndani ya matatu ya kwenda soko la Kibuye. Tatizo hilo halitatuliwi kwa kumkumbusha. Iulizeni kliniki kama siku ya soko anaweza kuimeza akisharudi mchana.

Kuna kipimo cha kumbukumbu tunachoweza kufanya nyumbani? (Njoro)

Kipo kifupi kinachotumika sana kliniki. Mtajie maneno matatu yasiyohusiana, kwa mfano ndizi, jua, kiti, ayarudie. Kisha achore uso wa saa wenye namba zote, na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Halafu mwulize yale maneno. Kila neno alilokumbuka bila kusaidiwa ni alama 1, saa iliyochorwa sawa ni 2, isiyo sawa ni 0. Chini ya 3 kati ya 5, mpeleke akapimwe kwa kina. Hiyo peke yake haimaanishi ana ugonjwa wa akili.

Tahadhari ambayo hata wahudumu huisahau: maelekezo ya asili yanataka mshale mfupi uwe kwenye 11. Mtu akiyatafsiri kienyeji "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee wa Kiswahili ataupeleka kwenye 5, naye yuko sahihi kabisa, lakini ataandikiwa sifuri. Tena, asiyesoma au asiye na miwani asihukumiwe kwa mchoro.

Baba ana dawa aina sita na sisi watoto tunabishana nani amempa nini. Tuzipangeje? (Mumias)

Kwanza mwombeni daktari apunguze nyakati. Baadhi ya dawa za mara mbili kwa siku zina mbadala wa mara moja, na mzee anayesahau atashika nyakati mbili kuliko nne.

Kisha mtafute kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba. Kisipopatikana, bahasha ndogo 14 za duka la dawa zatosha: saba mchore jua, saba mwezi, na kila moja iandikwe siku. Ajaze mtu mmoja, Jumapili, kwenye mwanga, kadi ya kliniki ikiwa mezani na redio imezimwa. Mwingine akague.

Makosa makubwa hutokea hapa. Furosemaidi na Lasix ni dawa ileile ya kukojoza. Nyumba yenye pakiti zote mbili humpa mzee dozi maradufu. Kiwanda kikibadilika, kidonge hubadilika rangi, mzee akakikataa au akameza cha zamani na kipya pamoja. Dawa zilizosimamishwa zitoeni nyumbani kabisa, mzirudishe famasia.

Fungeni dozi kwenye jambo asiloliacha: chai ya asubuhi, taarifa ya habari ya saa moja jioni. Kengele ya simu peke yake haisaidii sana. Ataizima, arudi kwenye gazeti. Na mkipiga simu kutoka Nairobi, msiulize "umemeza?" Semeni: "Baba, fungua Jumatano asubuhi, umeona nini?"

Dozi ya asubuhi ikisahaulika, jioni tumpe mbili? (Ahero)

Hapana. Dozi maradufu huweza kushusha presha hadi aanguke. Kama dawa ni ya mara mbili, saa moja na saa moja, mkikumbuka kabla ya saa saba mchana mpeni. Baada ya hapo ngojeni ya jioni. Ya kukojoza msimpe usiku, atakesha akienda choo gizani.

Daktari alikataza chumvi. Magadi na munyu kwenye mboga je? (Busia)

Magadi yana sodiamu, kwa hiyo huvuta maji mwilini kama chumvi. Munyu wa majivu una potasiamu nyingi, na mgonjwa anayemeza dawa za moyo spironolaktoni pamoja na enalaprili au losatani tayari yuko karibu na kuzidisha potasiamu, jambo linaloweza kusimamisha moyo. Mrenda ulainishwe kwa njia nyingine. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, viungo vya pakiti vikihesabiwa ndani yake.

Nyanya alikuwa mzima hadi juzi. Sasa ananiita kwa jina la shangazi aliyefariki. Ni uzee? (Molo)

Uzee hauji kwa siku mbili. Mpelekeni hospitali leo, msingoje tarehe ya kliniki. Huenda sodiamu ya damu imeshuka, ana nimonia au maambukizi ya mkojo, hewa haitoshi, au digoksini, dawa nyingine ya moyo, imezidi, hasa akitapika au kuona vitu vya manjano. Dawa ya mafua kama Piriton nayo huwachanganya wazee. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya magoti huzuia maji mwilini na kuumiza figo, moyo ukazidiwa.

Bebeni kila kidonge kilichomo nyumbani ndani ya mfuko mmoja, vya dukani na vya mitishamba pia, pamoja na uzito wake wa asubuhi kama mmekuwa mkiuandika. Ukiwa umeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta.