Asiache tibakemikali kwa ajili ya chembe za nano

Ndugu, umeuliza kama dada yako mwenye saratani asitishe tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) asubiri chembe za nano zenye vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Asisitishe.

Wazo lenyewe ni zuri, nakiri. Chembe hizo, ndogo kuliko seli, hubeba kwa mfano glukosi oksidasi, inayotumia glukosi na oksijeni ya uvimbe na kuzalisha haidrojeni peroksaidi. Uvimbe unanyimwa chakula huku ukitiwa sumu. Lakini glukosi na oksijeni zimejaa kwenye damu pia. Kimeng'enya kikianza kazi njiani, kitadhuru viungo vizima. Ndiyo maana watafiti hukifungia ndani ya ganda linalofunguka penye asidi, kama ilivyo kwenye uvimbe mwingi. Wengine huongeza katalasi, inayogeuza peroksaidi kuwa maji na oksijeni, maana seli zenye oksijeni hudhurika zaidi na tibamionzi. Sehemu kubwa ya haya imejaribiwa kwa panya.

Kimeng'enya kilichozoeleka hospitalini dhidi ya saratani ni asparaginasi, nacho ni cha leukemia kali ya limfu, aina ya saratani ya damu, tena hutolewa pamoja na tibakemikali.

Mwulizeni daktari wake kama kuna jaribio la kitabibu linalomfaa. Na anayewauzia "tiba ya nano" mkononi, mwepukeni.