Macho kupotea kwenye picha za sendofu

Mdogo wangu, umesema kwenye kioo unapendeza ila kwenye picha macho yanapotea, na sendofu ni Jumamosi, picha mnapigia pale Jiwe la Bismarck, kando ya ziwa. Kwanza muda. Saa saba mchana jua la Mwanza liko utosini, linakutia kivuli machoni hata upakwe na nani. Nendeni saa kumi na moja.

Flashi inakula rangi, kwa hiyo wanja uwe mweusi kuliko ulivyozoea, hasa kwenye mizizi ya kope za juu. Chini gusa tu, la sivyo macho yanakuwa madogo. Kwenye mkunjo wa juu ya jicho weka rangi ya kahawia isiyong'aa. Yenye kumetameta iishie katikati, kwa ncha ya kidole. Mimi niliwahi kujipaka rangi ya fedha jicho zima, kwenye albamu nikafanana na sato aliyevuliwa sasa hivi.

Upepo wa ziwani unatoa machozi, tafuta maskara isiyoingia maji. Kope za bandia ukitaka, ila gundi ijaribu siku mbili kabla. Halafu jipige picha ya simu kwa flashi ukiwa bado nyumbani. Ukiona chini ya macho peupe kama unga, poda hiyo ifute.