Gari linalala nje miezi mitatu ya baridi kali: betri niifanyeje?

SWALI

Shikamoo fundi. Naishi Brooklyn Park, hapa Minnesota, kwenye nyumba za kupanga. Gari langu ni Toyota RAV4 ya 2016, ya petroli, na linalala nje kwenye maegesho ya wapangaji. Hakuna soketi ya umeme karibu. Katikati ya Desemba nakwenda Tanga kumuuguza mama na nitarudi katikati ya Machi. Betri ina miaka minne na haijawahi kunisumbua. Shemeji yangu amejitolea kuja kila Jumapili kuliwasha kwa dakika kumi, kisha alizime. Jirani anasema niing'oe betri niiweke ndani, ila nisiiweke juu ya zege kwa sababu zege linanyonya chaji. Mwenzangu kazini naye anasema baridi ya huku ndiyo inayoua betri, kwa hiyo nifanye nisifanye nitaikuta imekufa. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba dada yangu, na Mungu amjalie mama afya njema. Msikilize jirani, habari ya zege iache. Shemeji mshukuru kwa moyo wake, lakini hizo dakika kumi za Jumapili mwombe asizifanye. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka napokea magari yaliyotunzwa hivyo hivyo, na wenye magari hushangaa kweli, maana walijitahidi.

Nianze na mwenzako wa kazini. Ndani ya betri ya gari kuna sahani za risasi zilizozama kwenye maji yenye asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, asidi inaingia kwenye sahani, na kinachobaki kinazidi kuwa maji matupu. Maji matupu yanaganda upesi, yenye asidi kali hayagandi kirahisi. Kwa hiyo betri iliyojaa inavumilia baridi ya zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri. Iliyobaki na nusu ya chaji inaganda kwenye nyuzi 25 hivi chini ya sifuri, na iliyokwisha kabisa inaganda kwenye nyuzi kama 10 tu chini ya sifuri. Usiku wa kawaida wa Januari hapo Minneapolis, mji jirani yako, unapita hizo 10. Tarehe 30 Januari 2019 ilifika 33 chini ya sifuri. Usiku kama ule betri iliyojaa inaamka salama, ya nusu inaamka barafu, sahani zimepinda na ganda limepasuka.

Tena kwa betri iliyojaa na isiyounganishwa na kitu, baridi ni rafiki. Kila betri hupoteza chaji yenyewe hata ikikaa bure. Kwenye joto la chumba inapoteza asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, na joto likishuka kwa nyuzi 10 upotevu huo unapungua kwa karibu nusu. Sababu ya watu kuilaumu baridi ni kwamba kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri inatoa karibu nusu tu ya nguvu yake ya kupiga stata, na wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito, stata inadai nguvu zaidi. Betri iliyochoshwa na joto la kiangazi hapo ndipo inaumbuka. Ugonjwa iliupata Julai.

Sasa mwizi mwenyewe wa chaji. Gari ulilolifunga na kuliacha halijalala. Alamu iko macho, kipokezi cha rimoti kinakusubiri, saa inahesabu, kompyuta inatunza kumbukumbu zake. Kwa gari zima lisilo na hitilafu vyote hivyo kwa pamoja vinakula kati ya miliampea 20 na 50. Unaweza kuona ni kidogo, lakini tuchukue 30 tu: kwa siku ni ampea-saa (Ah, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) 0.72, kwa siku 90 ni Ah 65. Betri ya gari la ukubwa wa lako ni kama Ah 60. Maana yake ukiondoka ukaiacha imeunganishwa, kufikia Machi imekauka, na kabla ya hapo, siku ya baridi kali mwishoni mwa Januari, imeshafika mahali pa kuganda. Kama una kile kifaa cha kampuni ya bima kinachochomekwa chini ya usukani, au kifaa cha kufuatilia gari, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Hata isipoganda, betri inayokaa tupu kwa wiki nyingi inaota chembe ngumu za salfeti kwenye sahani, na chembe hizo zikishakomaa chaja haizirudishi.

Ndiyo maana nakataa dakika kumi. Katika wiki moja, kwa miliampea 30, gari limekula kama Ah 5. Ili kuzirudisha kwa dakika kumi, betri ingebidi ipokee ampea 30 mfululizo, na bado hatujalipa kile stata ilichochukua. Betri iliyolala kwenye baridi haipokei hivyo. Inapokea chaji polepole sana, na injini ikiwa inanguruma tu bila kwenda mahali, alternata, yaani jenereta ya gari inayoichaji betri, haitoi yote inayoweza. Juu yake shemeji atakuwa ndani anatetemeka, amewasha feni, joto la viti na kiyeyusha barafu cha kioo cha nyuma. Kila Jumapili betri itarudi chini kidogo kuliko Jumapili iliyopita, huku yeye akiamini anaijaza.

Kuna na maji. Petroli ikiungua inatoa mvuke mwingi wa maji. Lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji. Injini ikipata moto vizuri mvuke huo unatoka wote. Kwa dakika kumi haupati nafasi: unabaki kwenye silensa unaganda, na mwingine unaingia kwenye oili. Na kwa wasomaji wenye banda la gari lililoungana na nyumba, nawasihi, msiwashe gari humo hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu na inaingia vyumbani. Hata nje, kama theluji imeziba bomba la moshi, ifukue kwanza ndipo uwashe.

Kwa hiyo hali yako, bila soketi, dawa ni kuing'oa betri na kuilaza ndani. Lakini kabla ya spana, nenda ofisi ya wenye nyumba uulize jambo moja: theluji ikianguka, magari yanatakiwa kusogezwa ili trekta lifagie maegesho? Sehemu nyingi za kupanga zina sharti hilo, na gari lisilosogea linavutwa kwa gharama yako. Kama ndivyo, omba nafasi ya pembeni isiyofagiliwa au ruhusa ya maandishi. Wakikataa, basi njia inabadilika: betri ibaki garini, na shemeji aliendeshe kwelikweli, dakika 40 au zaidi barabara kuu, joto la viti likiwa limezimwa, kila wiki au kwa uchache kila baada ya wiki mbili. Hakikisha bima yako inamruhusu. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na kuwasha na kuzima.

Tuseme ofisi imekubali. Wiki moja kabla ya safari ipeleke betri ikapimwe. Maduka mengi ya vipuri hapa Marekani yanapima bure. Miaka minne si uzee, ila si ujana pia. Kisha azima au nunua chaja inayojikata yenyewe ikijaa na, betri ikishang'olewa kwa utaratibu ulio hapa chini na kuletwa ndani kwenye soketi, uichaji dirisha likiwa wazi kidogo mpaka taa ya kujaa iwake. Iache usiku kucha bila kitu, asubuhi pima kwa mita ya umeme. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Ikisoma 12.4 wakati umeijaza jana, imechoka. Usinunue mpya sasa ije ikae kabatini miezi mitatu, nunua ukirudi.

Siku ya kuing'oa, kwanza chomoa funguo ya chuma iliyofichwa ndani ya rimoti na uijaribu mlangoni. Betri ikitoka rimoti haitafungua kitu. Zima kila kitu, fungua boneti, subiri dakika chache kompyuta zitulie. Vaa glovu na miwani. Chukua spana namba 10 uanze na waya wa hasi, mweusi, wenye alama ya kutoa. Huu mpangilio usiubadilishe hata kidogo. Bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa chuma chochote pembeni, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo, cheche zinaruka, na juu ya betri kunaweza kuwa na gesi ya haidrojeni. Hasi ikishatoka na ukaikunja pembeni, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Fuatia chanya, halafu kishikizo cha betri, kisha inyanyue wima. Ina kilo 15 au zaidi, hapo mwite shemeji. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, koroga bekingi soda kwenye maji, sugua kwa mswaki wa zamani, futa mpaka pakauke.

Kuhusu zege, zamani maganda ya betri yalikuwa ya mbao na mpira, unyevu ulipita na chaji ikavuja kweli. Betri za leo ni za plastiki, iweke sakafuni bila wasiwasi. Cha kuzingatia ni mahali pawe pakavu, pa baridi kiasi, mbali na hita na mbali na watoto. Kabati la karibu na mlango wa nje linafaa.

Sasa swali ambalo najua utaniuliza: niiache kwenye chaja muda wote? Kwako nasema hapana. Betri iliyojaa na kuachwa peke yake kwenye ubaridi kiasi itapoteza labda asilimia 10 hadi 15 kwa miezi hiyo mitatu, na hiyo haina madhara. Sipendi chaja iwake wiki kumi na tatu kwenye nyumba isiyo na mtu. Mwambie shemeji aje mara moja tu, mwishoni mwa Januari, aichaji mchana akiwepo, dirisha likiwa wazi kidogo, kisha achomoe. Hiyo inatosha.

Mwenye banda na soketi yeye hana haja ya kung'oa. Anunue chaja ya kutunza betri, ile inayojaza kwanza kisha inashuka yenyewe na kushikilia volti 13.2 hadi 13.6, aiache imechomekwa msimu mzima. Asichanganye na chaja ndogo za zamani zinazosukuma bila kukoma. Zile zinachemsha maji ya betri mpaka sahani zinabaki wazi. Kama betri ni ya AGM, ile ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, achague mpangilio wa AGM kwenye chaja. Na kwa magari yenye kihisi cha kupima chaji kwenye terminali ya hasi, kibano cheusi cha chaja kishike chuma cha bodi, si kichwa cha betri, la sivyo kompyuta haitajua kwamba betri imejazwa. Zile sola ndogo za kuweka juu ya dashibodi sizipendekezi kwa Minnesota: mchana ni mfupi na kioo kinafunikwa na theluji, siku zile hasa unazozihitaji.

Ukirudi, unganisha chanya kwanza, hasi mwisho. Saa ya gari itakuwa imepotea, kioo cha kujipandisha kinaweza kudai kufundishwa upya, na injini inaweza kunguruma bila utulivu kwa safari ya kwanza. Hayo ni ya kawaida, endesha tu, litatulia.

Na kwa atakayesoma haya akiwa amechelewa, gari limekaa wiki nyingi nje na betri iko humo humo: usikimbilie nyaya za kubusti. Fungua boneti uitazame betri kwanza. Ubavu ukiwa umevimba, au barafu inaonekana ndani, imeganda, na betri iliyoganda ukiisukumia umeme inaweza kulipuka usoni kwako. Ing'oe, iweke mahali penye joto ndani ya beseni la plastiki mpaka iyeyuke kabisa, kisha kagua ganda pande zote. Ukiona ufa au unyevu unaotoka, usiichaji kamwe. Irudishe kwenye duka la vipuri, na ukinunua nyingine watakupunguzia ile dhamana inayotozwa kwa betri ya zamani. Kama haina ufa, ichaji polepole, ilaze usiku mmoja, uipime tena kabla ya kuirudisha garini.