Jani la kijani kwenye pakiti halinitoshi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tororo aliniandikia kwa hasira: "Dada, kila siku unatukataza. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, tuache, sabuni ile tusinunue. Sasa tununue nini, na habari za kweli tuzisome wapi?" Hasira yake sikuichukia. Nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo kwenye mitandao, nikajibiwa kwa picha za majiko meupe ya Ulaya, mitungi ya kioo imejipanga kama wanafunzi paredi, na mswaki wa mianzi unaouzwa kwa bei ya kuku.

Mimi ni mtu wa Busia, na sisi wa mpakani hatuhitaji semina ya kaveera. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Uganda nasi tulitangaza zamani: zuio la mifuko myembamba, ya chini ya mikroni 30, tulilisikia tangu 2007. Lakini ukivuka kwenda upande wa Kenya na sukari yako kwenye kaveera, unaambiwa uihamishie kwenye kikapu. Ukirudi kwetu, muuza nyanya anakupa kaveera mbili, moja ndani ya nyingine, na ukikataa anakuona mgeni.

Sasa niwape kisa ambacho wakati ule sikukiandika kwa sababu kilikuwa bado kinaniuma. Kampuni moja ilinitafuta nitangaze mifuko yake "inayooza yenyewe". Pesa waliyoitaja ilikuwa nzuri, tena nzuri ya kumaliza karo ya muhula. Nikawauliza: inaoza wapi, kwa muda gani, na nani aliipima? Kijana wa masoko akanitumia picha ya pakiti yenye jani la kijani. Nikauliza tena. Akanitumia picha ile ile, safari hii kubwa zaidi.

Basi nikapima mwenyewe. Mfuko mmoja nikaufukia kwenye maharagwe nyuma ya nyumba, mwingine nikaufunga kwenye seng'enge ya ua. Mvua za masika zilipokwisha, ule wa uani ulikuwa umepauka, ukiugusa tu unakatika vipande vidogo vidogo, na kuku walishaanza kuvidonoa. Ule wa chini ya udongo ulitoka mzima, maandishi yanasomeka, na jani lao la kijani bado linang'aa. Ziko plastiki zinazotiwa kemikali ya kuziharakisha zikatike kwenye jua na hewa. Zinakatika kweli, ila plastiki inabaki plastiki, sasa imekuwa ndogo kiasi cha kuingia kwenye maji na kwenye tumbo la kuku. Umoja wa Ulaya ulizikataza plastiki za aina hiyo kwa sheria yake ya 2019.

Nikawatumia picha. Wakanijibu kwamba mimi sina digrii ya kemia. Kweli sina, nina kuku. Mwezi uliofuata tangazo lao nikaliona kwa dada mwingine mwenye wafuasi wengi kunizidi, anacheka na mfuko mkononi. Yeye alilipwa, mimi karo nikaikopa SACCO. Sijutii, lakini nisiwadanganye kwamba nimesahau.

Ndiyo maana chapa yoyote naiuliza mambo mawili tu: imepita mikononi mwa nani, na nikimaliza nayo itaishia wapi? Swali la pili ndilo linalowatoa jasho. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2024 tulipata jibu lake Kiteezi, pale mlima wa taka za Kampala uliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Kila "nimeitupa" ya Kampala ilikuwa imelundikwa pale.

Wapo wanaojibu vizuri, tena hapa hapa kwetu. AFRIpads walioanzia Masaka wanatengeneza pedi za kufua na kutumia tena. Binti hanunui pakiti kila mwezi, na choo cha shule hakizibi. Takataka Plastics wa Gulu wanageuza plastiki iliyotupwa kuwa vigae vya ukutani. Kahawa ya Gumutindo, kule Mbale, ni ya ushirika wa wakulima wa Mlima Elgon, kwa hiyo swali la mikono lina jibu. BUZIGAHILL ya Kampala wanachukua mitumba, wanaishona upya na kuirudisha kuuzwa kwa waliotuletea. Bei yao si ya mimi na wewe, lakini ujeuri wao naupenda. Na kwenye vyakula, tafuta alama ya Kilimohai: ni ya kilimo hai kwa Afrika Mashariki nzima, na inasimama juu ya viwango vilivyopitishwa 2007. Jani tupu mtu yeyote anaweza kulichora. Kilimohai ina masharti nyuma yake.

Kuhusu kusoma, mtazame anayekufundisha. Je, anasema amelipwa? Anataja bei na mahali? Amewahi kusema kitu fulani ni kibaya? Ukurasa ambao kila bidhaa ni nzuri ni duka, hata ukipambwa na maua. Na msidharau wa kwetu. Januari 2020 huko Davos, Vanessa Nakate, mwanaharakati wetu wa hali ya hewa, alipiga picha na wanaharakati wenzake wanne wazungu, na shirika la habari la Associated Press likaisambaza ikiwa yeye amekatwa. Mganda ndiye aliyeondolewa kwenye habari ya hali ya hewa, wakati shamba linalokauka ni la kwetu! Mfuateni. Sikilizeni pia vipindi vya wakulima kwenye redio zenu za lugha za nyumbani. Utasikia mambo ya makaa na mvua ambayo hakuna jarida la Ulaya litakuandikia.

Na tuache kujificha nyuma ya chapa, jamani. Wengine tunanunua kikapu kizuri cha kupigia picha, kisha tunafika nyumbani tunafunika matoke kwa kaveera yaive haraka, mvuke wa plastiki unarudi kwenye chakula cha watoto. Mama mkwe wangu hajawahi kusoma blogu. Anafunga matoke kwa majani ya mgomba, anafunika kwa majani, na maganda wanakula mbuzi. Maziwa anachukua kwa chupa yake. Muulize bibi yako kabla hujaniuliza mimi. Na rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, je? Peleka sahani yako. Muuza chapati atakucheka mara ya kwanza, halafu atakuzoea.

Kampuni zinazotaka nizitangaze, karibuni. Leteni bidhaa na majibu ya maswali yangu mawili kwa maandishi. Nitaifukia kwenye maharagwe, na nitakachofukua nitakiandika hapa hata kama mmeshanilipa.